Siku saba kwenye njia za Uluguru

Siku ya kwanza: mjini

Tulishuka kituo cha treni cha Kihonda saa tatu na nusu asubuhi, mimi na mdogo wangu, kila mmoja na begi lake mgongoni. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, mlima huu umesogea. Zamani foleni ya kutoka Kimara hadi Chalinze ilikumaliza nguvu kabla hujaiona hata miguu ya Uluguru. Sasa unafika jua halijakaza na siku nzima bado ni yako.

Ukisimama nje ya kituo unauona wote. Mji umelala chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake ukuta wa kijani unapanda mpaka mawinguni. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji, kina mita 2,138. Kulia kwake ni Bondwa, unaoutambua kwa milingoti ya mawasiliano.

Mwaka jana tulikuja tukarudi bila kupanda, kwa sababu hatukujua njia inaanzia wapi. Ramani ya simu ilionyesha mstari unaopita kati ya nyumba. Tukaufuata, na mstari ukatufikisha katikati ya shamba la mihogo. Mwenye shamba akatuuliza kwa upole tunatafuta nini. Kibali hatukuwa nacho, jina la njia hatulijui. Tulimwomba radhi tukashuka. Ndiyo maana safari hii niliweka nadhiri: kila siku niandike kwanza mahali njia inapoanzia, ndipo niandike tulichokiona juu.

Kwa hiyo tulianza ofisini. Msitu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na huruhusiwi kuingia bila kibali. Unajiandikisha, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapangiwa mwongozaji. Mhifadhi aliyetupokea alikuwa na swali moja kabla ya yote: "Mtaanzia wapi?" Tukamwambia tunataka kilele. Akatikisa kichwa taratibu, akachukua karatasi akachora mlima kama samaki aliyelala, mji kwenye kichwa chake. "Kilele ni kimoja, milango ni mingi. Ukipanda kutoka mjini utaona mlima mmoja. Ukipanda kutoka Mgeta utaona mwingine. Ukienda Kinole, mwingine tena."

Karatasi hiyo ndiyo iliyotupangia wiki nzima.

Siku ya pili: Morningside

Mwanzo wa njia: mjini kabisa, Barabara ya Boma. Huhitaji gari. Unaifuata barabara inavyopanda, lami inaisha, vumbi linaanza, na baada ya hapo ni kupanda tu, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya mji.

Hii ndiyo njia ninayomshauri mtu yeyote aanze nayo, hata mwenye mapafu mazuri. Mwili unazoea, nawe unajifunza jambo ambalo ramani haisemi: kwa saa mbili nzima hujaingia msituni. Unapita kwenye maisha ya watu. Mtoto anateremka na ndoo ya mboga kichwani, mzee anarekebisha tuta la maharage, mbuzi amefungwa ukingoni mwa njia. Mwongozaji wetu, kijana aliyezaliwa hapo hapo mlimani, alisalimia kila nyumba. Shikamoo, marahaba, za tangu juzi, mgonjwa anaendeleaje. Mwanzoni nilidhani anatuchelewesha. Nyumba ya tano hivi nikaelewa kwamba hizo salamu ndizo lango. Njia inakatiza kwenye nyua za watu, na hakuna sheria inayomlazimisha mama yule akuachie upite kati ya jiko na banda lake la kuku. Anakuachia kwa sababu umemwamkia.

Morningside yenyewe ni jengo la mawe la wakati wa Wajerumani, limekaa kwenye kibega cha mlima kama mtu aliyekaa barazani. Ukiwa pale unaona mji wote, mashamba ya mkonge ng'ambo, na tambarare inayofifia kuelekea kaskazini. Baridi inaanza hapo. Juu ya jengo ndipo msitu unapoanza kweli, na mpaka wake unauona kwa macho: huku maharage, huku giza la miti, kati yake mstari kama uliokatwa kwa kisu.

Tuliufuata mpaka huo kidogo tu, mwongozaji akatuonyesha bikoni za hifadhi na sehemu ambazo mashamba yaliwahi kuusukuma msitu juu. Ni Mluguru, na hakuwalaumu watu wake. Alisema familia yao ni ya watoto saba na shamba ni lile lile la bibi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo aliposema la bibi alimaanisha hivyo hasa.

Siku ya tatu: Lupanga

Mwanzo wa njia: pale nyumba za mwisho za mji zinapoishia chini ya mlima. Hapakuwa na kibao. Bila mwongozaji usingeitofautisha na vijia vingine vinne vinavyopanda kwenda mashambani. Tulianza saa kumi na mbili kasoro, tochi mkononi.

Hesabu ya Lupanga ni rahisi na ni kali: kutoka mjini mpaka kileleni unapanda zaidi ya mita 1,600 za wima kwa siku moja, na unazishuka siku hiyo hiyo. Saa mbili za kwanza ni mashamba na miti ya kupandwa. Halafu unavuka mpaka wa hifadhi, na hewa inabadilika ghafla kama umefungua mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Unyevu, harufu ya majani yanayooza, kimya chenye ndege ndani yake.

Kutoka hapo njia haikunji kona. Inapanda kwa mgongo wa mlima moja kwa moja, nawe unapanda kwa mikono. Mizizi ndiyo ngazi. Unaushika huu, unajivuta, unatia mguu kwenye ule. Shina likiwa na kuvumwani nyingi, ile sufu ya kijani inayoota juu ya magome, usiliamini, linateleza kama sabuni. Mdogo wangu, ambaye ana miguu mirefu kuliko busara ya kupumzika, alianza kwa kasi akakwama kwenye theluthi ya mwisho. Tulikaa nusu saa tukanywa maji, tukasikiliza kima wakirushiana sauti bondeni. Kando ya jiwe lenye maji yanayotiririka kulikuwa na ua dogo la urujuani, majani yake manene yenye vinyweleo. Ni jamii ya maua ambayo duniani kote watu huyaotesha vyunguni kwenye madirisha; asili yake ni milima hii ya Afrika Mashariki, na Ulaya iliyapata kwa mara ya kwanza kutoka Usambara miaka ya 1890. Hapa hayana chungu. Yanaishi kwenye ufa wa jiwe.

Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi kusini mwa Tanzania. Upepo wa Bahari ya Hindi umeinyeshea milima hii kwa muda mrefu mno, na misitu yake imedumu hata pale nchi za chini zilipokauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na kila kisiwa kikalea viumbe vyake. Yuko ndege mmoja, mbwigu wa rangi ya kijani na manjano mwenye kichwa cheusi, ambaye hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani ila kwenye mlima huu. Anakaa juu kwenye vilele vya miti, na wanaomtafuta humtafuta kwa sikio. Mwongozaji alisimama mara mbili akainua kidole. Mara zote mbili alikuwa mwingine.

Tulifika kileleni saa tano na robo. Ukungu ulikuwa umetanda, hatukuona mji. Tulikaa kama dakika ishirini, ukapasuka mara moja, tukaona bati za Morogoro ziking'aa chini kabisa, kisha ukafunga tena. Mdogo wangu alilia. Hakusema kwa nini, na sikumuuliza.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, magoti yanajua. Tulifika nyumba za mwisho saa kumi na moja jioni.

Siku ya nne

Mvua ya asubuhi, miguu mizito. Tulifua soksi, tukala, tukalala.

Siku ya tano: Mgeta na Lukwangule

Mwanzo wa njia: mbali. Unatoka mjini kwa barabara ya Iringa, unalipita bwawa la Mindu, ambalo hujazwa na Mto Ngerengere ushukao mlima huu huu na ambalo ndilo linaloinywesha Morogoro. Ukifika Sangasanga, jirani na Mzumbe, unakunja kushoto na barabara inaanza kupanda kwa kona zisizoisha. Magari ya abiria yapo, ila yanajaa kabla ya kuondoka, na mvua ikinyesha sehemu nyingine abiria hushuka wakasukuma. Ondoka alfajiri. Tena, kama una siku mbili, lala kijijini Nyandira usiku mmoja kabla ya kupanda. Sisi tulitoka mjini saa tisa usiku kwa gari la kukodi ili tuokoe siku, na nakiri tuliipata siku tukaupoteza utulivu.

Mgeta ni nchi nyingine. Mlima wote umekatwa matuta, na juu ya matuta kuna kabichi, karoti, njegere, vitunguu, viazi. Malori yanayoshusha mboga hizi kwenda sokoni Dar es Salaam ndiyo yanayoamua barabara ipitike au isipitike. Kuna mbuzi wa maziwa kwenye mabanda yaliyoinuliwa, waliopelekwa huko kwa kazi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Asubuhi watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Mzee mmoja alipotuona tumevaa fulana za mikono mifupi alituita tukaote moto kwake kwanza, akatupa chai, akasema kwa sauti ya kuamrisha, "Wajukuu, huko juu hakuna mchezo."

Alikuwa sahihi. Kutoka mashambani unaingia msituni, mianzi inafuata, halafu miti inakuwa mifupi, imepinda, imevishwa kuvumwani mpaka kwenye vidole vya matawi. Kisha bila dalili yoyote miti inaisha. Umetokea uwandani. Lukwangule ni uwanda wa nyasi na vinamasi juu ya mita 2,400, mpana, wenye upepo, na maji yanalia chini ya kila hatua. Upande huu wa mlima ndiko kuliko Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, zaidi ya mita 2,600.

Hapa ndipo nilipouelewa mchoro wa mhifadhi. Maji yale chini ya viatu vyangu yanakusanyika, yanakuwa kijito, kijito kinakuwa Mgeta, Mgeta inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayofunguka kwenye bomba la jikoni kwetu Dar es Salaam. Nimekunywa mlima huu tangu nizaliwe. Nyasi na kuvumwani vinayashika maji ya mvua na ukungu, vinayaachia polepole hata kiangazi. Mtu akiwasha moto huko juu ili nyasi mpya zichipue, anayeumia ni watu mamilioni wasiojua hata jina la Lukwangule. Tuliona alama nyeusi za moto wa zamani sehemu mbili. Mwongozaji wa upande huo aliziangalia kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu kingine chochote siku ile.

Neno juu ya njia. Kati ya mashamba na msitu tulipita sehemu ambapo watu wameacha njia yenye kona wakakata mkato wa moja kwa moja. Mkato umegeuka mfereji, maji ya mvua yanapita humo kwa nguvu, na upande mmoja kingo imemeguka na tuta la mtu limekwenda nalo. Wanaokata mkato huo si wenyeji peke yao. Nyayo za viatu vya kupandia milima tuliziona wazi kwenye tope. Kama unakuja Uluguru, nakuomba uzunguke kona. Dakika zako tano zina thamani ndogo kuliko kabichi za yule bwana.

Siku ya sita: Kinole

Mwanzo wa njia: upande wa mashariki, kwa barabara ya Bigwa inayokwenda Matombo na Kisaki, kisha unaiacha na kupanda hadi Kinole. Pikipiki ilitufaa kuliko gari.

Huku ndiko mvua za bahari zinakogonga kwanza. Kila kitu kinaota: migomba, mafenesi, machungwa, mdalasini, pilipili manga iliyopanda juu ya miti mingine, karafuu zilizoanikwa mkekani mbele ya nyumba. Unatembea ndani ya harufu. Ni njia iliyofunikwa kivuli tangu chini, na ni mashamba ya watu bado. Msitu wa hifadhi umebaki juu kabisa. Mwaka 2008 misitu ya kaskazini, ya kusini na ya Bunduki katikati yao iliunganishwa kuwa hifadhi moja, lakini mtu akikaa Kinole anakumbuka mambo ya nyuma zaidi ya hapo.

Babu mmoja alitusimulia, akiwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Alikuwa mtoto serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Udongo wa huku, alisema, ukiuchimba kwa namna ile unaleta juu ulio mbaya. Watu walichoka, na mwaka 1955 walikataa. Ikawa vurugu kubwa, mpango ukafa. "Hawakutuuliza," alisema. Halafu akatugeukia: "Ninyi mmeuliza mlipokuja?" Mwongozaji akamjibu kwamba tumepita kwa mtendaji wa kijiji na kibali tunacho. Akaridhika, akatuonyesha kijia kwa fimbo.

Kijia hicho kinafika kwenye kisima cha jirani yake, mama wa makamo aliyekuwa anachota. Kutoka kisimani njia mbili zinaondoka, moja ya kwenda msituni na nyingine ya kwenda kwenye chanzo cha maji yao. Wageni wengi, alisema, huchukua ile isiyo yao, wanakanyaga chanzo, wengine wanaoga humo. "Siwakatazi kupita. Nataka kibao tu. Mwanangu, ukirudi ofisini waambie. Kibao kimoja, hapa." Akakanyaga ardhi kwa kisigino mahali anapokitaka.

Niliandika. Nikapiga na picha ya alama ya kisigino chake.

Kwenye msitu tulikaa saa tatu. Mikangaga mirefu kama minazi, vinyonga wawili, mmoja mdogo kuliko kidole changu cha mwisho. Mbega walipita juu yetu, nyeupe na nyeusi, wakatikisa mvua yote iliyokuwa majanini ikatumwagikia.

Siku ya saba: ofisini tena

Treni yetu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo asubuhi tulikwenda tena kwa mhifadhi. Alikuwa na wanafunzi mezani, tukasubiri. Tulipofika zamu yetu alitucheka kwa furaha kuona sura zetu zilivyoungua, akauliza, "Haya, mlianzia wapi na wapi?"

Nikamfungulia daftari. Lupanga: vijia vinne mwanzoni, hakuna alama. Lukwangule: mkato uliogeuka mfereji, na alama za moto sehemu mbili. Kinole: njia panda kisimani, mama anaomba kibao. Alisoma kimya, akachukua kitabu chake akanakili, akaniomba picha ya kisigino. Akauliza nafasi ile ni ya upande wa chini wa kisima au wa juu. Mdogo wangu, ambaye wiki nzima hakuwa ameandika kitu, akachukua kalamu akamchorea: kisima, mti wa karafuu, njia ya kushoto, njia ya kulia, na msalaba mdogo mahali pa kuchimbia nguzo.

"Huku ni mbele kidogo ya mti," alisema, akaufuta msalaba akauchora tena.